Sababu ya Mwalimu Kurudi Darasani

Ukitoka Bujumbura kwa Barabara ya Taifa namba 3, ziwa likiwa mkono wako wa kulia na milima mkono wa kushoto, utapita Magara, kituo cha ufukweni cha eneo la Bugarama, kabla hujafika mji wa Rumonge. Kando ya barabara ile watoto huuza mawese kwa chupa, ndizi, maembe ya msimu na ndagala wakavu. Simama ununue. Taja chupa tatu, toa noti kubwa, kisha mwangalie muuzaji wako mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Hatatafuta kalamu wala karatasi. Atakuhesabia chenji mkononi, na ukijaribu kumpunja atairudia hesabu nawe hatua kwa hatua mpaka ukubali.

Mtoto huyohuyo, kesho yake akiwa dawatini darasa la tano, anaweza kuwekewa mbele hesabu ya kuzidisha na kutoa iliyoandikwa kwa Kifaransa, akaikodolea macho mpaka muda ukaisha. Mwalimu atasahihisha na kuandika sufuri kwa wino mwekundu. Zikijazana sufuri za namba hiyo, mwisho wa mwaka jina la mtoto litaingia kwenye orodha ya wanaorudia darasa, na nyumbani wazazi watapewa maelezo mafupi kwamba kijana wao ni mzito.

Naanza na mtoto huyu kwa sababu ninataka kuzungumzia walimu wanaoomba kusoma shahada ya uzamili. Ukisoma barua za maombi za walimu, iwe Burundi, Tanzania au Kenya, sababu moja hujirudia kuliko zote: nataka kuwasaidia wanafunzi wanaopata shida. Ninaamini kwamba wengi wanaoiandika wanaimaanisha. Mtu hawezi kukaa miaka minane akitazama watoto walewale wakikwama mahali palepale bila moyo kumuuma. Lakini uchungu wa moyo peke yake haumvushi mtu. Shahada ya juu itamfaa mtoto wa Magara ikiwa tu mwalimu wake ataingia chuoni na swali alilolichota kwenye daftari la mtoto huyo, alisome swali hilo na si jingine, kisha arudi na jibu ambalo mwenzake wa darasa la pili atalielewa. Swali likiachwa nyumbani, kinachorudi ni cheti na mwalimu aliyechoka.

Wanaoshindwa ni akina nani?

Burundi ina rekodi ambayo watu wake wengi hawaijui. Mwaka 2014 mpango wa upimaji unaoitwa PASEC uliwapima wanafunzi wa shule za msingi katika nchi kumi za Afrika zinazotumia Kifaransa, zikiwemo Senegal, Cameroon, Côte d'Ivoire na Benin. Watoto wa darasa la pili wa Burundi walishika nafasi ya kwanza, kusoma na hesabu pia. Karibu wanane kati ya kila kumi walifikia kiwango cha kutosha cha kusoma, wakati katika nchi nyingi za kundi lile walio wengi hawakukifikia. Nchi iliyotoka vitani, yenye madarasa ya watoto sabini au mia moja na shule za zamu mbili, ilizitangulia nchi zenye fedha nyingi kuliko yenyewe.

Sababu iliyo wazi zaidi ni lugha. Tangu miaka ya 1970 shule za Burundi zinaanza kufundisha kwa Kirundi, na watoto wale walipimwa kwa Kirundi huku wenzao wakipimwa kwa lugha iliyokuja na mkoloni. Mtoto wa Bugarama alifundishwa herufi kwa maneno ambayo tayari yalikuwa kinywani mwake, akazishika.

Sasa soma sehemu ya pili ya rekodi hiyo. Kuanzia darasa la tano Kifaransa kinakuwa lugha ya kufundishia. PASEC iliporudi mwaka 2019 na kuwapima watoto wa darasa la sita kwa Kifaransa, walio wengi sana Burundi hawakufikia kiwango cha kutosha cha kusoma. Akili za watoto hazikupotea kati ya darasa la pili na la sita. Walivushwa kutoka mtumbwi mmoja kwenda mwingine katikati ya ziwa, na wengi wakaanguka majini wakati wa kuvuka.

Tena mzigo wa lugha umeongezeka. Katikati ya miaka ya 2000, Burundi ilipokuwa ikijiandaa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kiingereza na Kiswahili viliingizwa katika shule ya msingi juu ya Kirundi na Kifaransa. Wakati huohuo, mwaka 2005, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza elimu ya msingi bila ada, na watoto wakafurika madarasani kwa wingi ambao majengo na walimu hawakuumudu. Mwalimu mmoja mbele ya watoto themanini, lugha nne, vitabu vichache. Katika miaka ya mwanzo ya 2010 takriban theluthi moja ya wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa wakirudia darasa. Theluthi moja nzima ya watoto haiwezi kuwa nzito. Idadi kama hiyo inatuambia kuna kitu katika njia yenyewe kinachowaangusha.

Ziwa, mwezi na kumbukumbu ya 1972

Lugha haifanyi kazi peke yake. Bugarama imelala kati ya mwambao wa Imbo na miteremko mikali ya Mirwa. Mtoto wa ufukweni na mtoto wa kilimani wanaandikwa chini ya tarafa moja, lakini shida zao hazifanani.

Ufukweni, maisha yanafuata mwezi. Ndagala huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mwezi ukijaa, mwanga wa taa hauna nguvu tena na wavuvi wengi hupumzika. Kijana anayesaidia kuvuta nyavu, au binti anayeanika samaki alfajiri mama yake akienda mnadani, atasinzia au atakosekana darasani katika majuma ya giza na kurejea mwezi ukiwa mkubwa. Daftari la mahudhurio linalosomwa kwa juma halitaonyesha chochote zaidi ya utoro. Likisomwa kwa kalenda ya mwezi, linaweza kueleza mengi. Kwa wenye michikichi, msimu wa mawese una mvuto wake pia: mikono midogo inahitajika kuokota chikichi na kubeba vichane hadi kwenye mashine ya kukamulia.

Kilimani mtoto hukutana na umbali na mvua, na Kifaransa huwa anakisikia mahali pamoja tu duniani, kinywani mwa mwalimu wake.

Yupo mtoto wa tatu, na huyu ni wa pwani hii kwa namna ya pekee. Machafuko ya mwaka 1972 yalianzia Rumonge na Nyanza-Lac mwishoni mwa Aprili, na mauaji yaliyofuata yalifukuza maelfu kwa maelfu ya watu hadi Tanzania, wakakaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto na wajukuu wao walisoma shule za Tanzania, kwa Kiswahili. Mwaka 2008 na 2009 zaidi ya 50,000 kati ya watu wa makazi hayo walirudi Burundi. Fikiria kijana wa miaka kumi na minne aliyekuwa anaongoza darasa lake Ulyankulu. Anashuka kwenye lori, anapimwa kwa Kirundi cha kuandika na Kifaransa ambavyo hakuwahi kufundishwa, anashushwa kukaa na watoto wa miaka tisa. Wengine waliacha shule kwa aibu. Tangu 2017 wamekuwa wakirudi tena wengine, waliokimbia machafuko ya 2015, kutoka kambi za Kigoma. Hawa walau walisoma mtaala wa Burundi kambini, lakini wamerudi na mapengo ya miaka, na mara nyingine wakakuta shamba la babu lina mwenyewe mwingine.

Kwa mwalimu asiye na zana za kutofautisha, watoto hawa watatu wanapata alama ileile: 3 kati ya 10. Mmoja hakuelewa lugha ya swali, wa pili hakuwepo somo lilipofundishwa, wa tatu alikuwa anajua jibu kwa lugha nyingine. Ukiwapa wote dawa moja, yaani kurudia darasa, huenda usimponye hata mmoja.

Mwalimu wa biolojia aliyekwenda na swali lake

Mfano ninaoupenda zaidi wa mwalimu aliyebeba swali sahihi unatoka ng'ambo ya mpaka. Halima Mwinsheikhe alifundisha biolojia katika sekondari za Tanzania. Sera ilimtaka afundishe kwa Kiingereza. Wanafunzi wake hawakumwelewa, naye akajikuta anageukia Kiswahili ili somo liingie, huku dhamiri ikimsuta kwa kuvunja kanuni. Kila mwalimu wa Afrika Mashariki anayesoma mstari huu anajua hali hiyo: unafunga mlango, unashusha sauti, unaeleza kwa lugha ya watu.

Mwinsheikhe aliichukua hali ile ya mlango uliofungwa akaifanya swali la utafiti. Tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Oslo, mwaka 2001, ilihusu matumizi ya Kiswahili katika kufundisha sayansi kwenye sekondari za Tanzania. Alilinganisha wanafunzi waliofundishwa mada zilezile za biolojia kwa Kiswahili na wenzao waliofundishwa kwa Kiingereza, na waliofundishwa kwa Kiswahili walifanya vizuri zaidi. Aliendelea hadi uzamivu akichimba suala hilohilo. Kazi yake iliungana na mradi wa LOITASA, ulioanza 2002, uliowakutanisha watafiti kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne kuchunguza lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini.

Hakutafuta mada ya kupendeza kwenye orodha ya profesa. Alikuwa nayo tayari, imemkera miaka. Chuo kilimpa mambo matatu ambayo darasa peke yake lisingempa: njia ya kupima alichokishuku, majina ya watu wengine duniani waliokwisha kukutana na jambo hilo, na sauti inayosikika ofisini. Mwalimu anayesema "wanangu hawaelewi Kiingereza" huambiwa afundishe kwa bidii zaidi. Akileta majedwali, mabishano yanabadilika.

Lazima pia tuseme ukweli kuhusu mipaka yake. Sera ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 2014 ilifungua njia kwa Kiswahili katika ngazi zote, na bado sekondari nyingi zinafundisha kwa Kiingereza mpaka leo. Utafiti mzuri hauhamishi serikali kwa mwaka mmoja. Anayekwenda kusoma akidhani tasnifu yake itabadilisha sera atarudi amevunjika moyo. Anayekwenda ili kubadilisha jinsi yeye na walimu kumi wa jirani wanavyosoma madaftari ya watoto ana kazi inayowezekana.

Chuo kinaongeza nini?

Nimesikia wazee wa shule wakiuliza: mwalimu aliyefundisha miaka kumi atafundishwa nini kuhusu watoto na mtu wa chuo? Swali ni la haki na linastahili jibu la mifano.

Wa kwanza ni kosa. Mwaka 1967 mwanaisimu wa Uingereza, Pit Corder, aliandika makala iliyobadilisha ufundishaji wa lugha. Alisema makosa ya mwanafunzi yana mpangilio. Yanaonyesha kanuni ambayo mwanafunzi amejijengea kichwani hadi wakati huo. Ukiyasoma, unaona alipofika na hatua inayofuata. Tulete hoja hiyo Bugarama. Kirundi hakitenganishi sauti za l na r kama Kifaransa kinavyozitenganisha. Katika Kifaransa, lire ni kusoma na rire ni kucheka. Mtoto aliyeandika kwamba mwalimu "anacheka kitabu" hakufanya mchezo wala uzembe. Masikio yake yamefuata sheria ya lugha ya mama yake. Anahitaji mazoezi ya kusikia sauti mbili, dakika tano kila siku, na kurudia darasa hakutampa mazoezi hayo.

Au chukua namba 80. Kwa Kirundi ni mirongo umunani, makumi manane. Anayejua neno kumi na neno nane amekwisha kuijua. Kifaransa cha Burundi, kilichoachwa na Wabelgiji, kina majina mepesi ya 70 na 90, septante na nonante, lakini katikati yake 80 ni quatre-vingts, yaani ishirini nne. Mtoto anayesikia imla ya namba akaandika 4 na 20 amesikia vizuri sana. Mwalimu aliyefunzwa kusoma makosa atatabasamu, atamwita ubaoni, na atalifanya kosa hilo kuwa somo la darasa zima.

Wa pili ni muda. Jim Cummins, mtafiti aliyefanya kazi zake Canada kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, alionyesha kwamba mtoto katika lugha ngeni hupata ufasaha wa mazungumzo kwa takriban miaka miwili, lakini lugha ya kujifunzia masomo, ile ya kueleza sababu, kulinganisha na kufasili, humchukua miaka mitano hadi saba. Tena hao walikuwa watoto wanaozungukwa na lugha hiyo mtaani na kwenye televisheni. Mtoto wa kilimani Bugarama, anayekisikia Kifaransa saa chache kwa siku, anatarajiwa kukitumia kusoma sayansi baada ya miaka minne ya kukisoma kama somo. Mwalimu anayejua hesabu hii hatamwita mvivu. Ataendelea kueleza dhana ngumu kwa Kirundi hata darasa la sita, kisha atafundisha maneno ya Kifaransa yanayoibeba dhana ambayo mtoto amekwisha kuielewa.

Wa tatu unaturudisha barabarani Magara. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti walioufanya Recife, Brazil. Waliwaendea watoto wauzaji wa mitaani wakajifanya wateja: nazi kumi ni kiasi gani, nikikupa noti hii unanirudishia ngapi? Watoto walijibu sawasawa maswali 98 kati ya kila 100. Baadaye hesabu zilezile zikaletwa kwa karatasi, kama zinavyoandikwa shuleni, bila nazi na bila mteja. Majibu sahihi yakashuka hadi takriban 37 kati ya 100.

Watoto waliohojiwa walikuwa watano tu. Utafiti huo umesomwa na kutajwa duniani kote kwa miaka arobaini. Hakuna kitu ndani yake ambacho mwalimu wa Bugarama hawezi kukifanya akiwa na daftari, muda wa Jumamosi na heshima kwa wauzaji wadogo wa mawese. Mwingereza Lawrence Stenhouse alitetea mwaka 1975 kwamba utafiti wa mtaala ni kazi ya mwalimu mwenyewe, kwa sababu darasa ndiyo maabara na mwalimu ndiye mwenye funguo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtafiti anayekuja kwa gari asubuhi na kuondoka saa tisa hawezi kujua kwamba safu ya nyuma huwa tupu mwezi ukiwa mwandamo.

Njia na gharama zake

Burundi ilipitisha mfumo wa BMD mwaka 2011: miaka mitatu ya shahada ya kwanza, miwili ya uzamili, kisha uzamivu. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza 1964, kina kitivo cha saikolojia na sayansi za elimu, na Bujumbura ipo pia École Normale Supérieure, iliyoanzishwa 1999 kuandaa walimu wa sekondari. Kwa mwalimu mwenye shahada ya kwanza, anayefundisha darasa la saba hadi la tisa katika shule ya msingi ya miaka tisa, uzamili ni miaka miwili. Kwa mwalimu wa darasa la tano, aliyetoka shule ya ualimu ya ngazi ya sekondari, ni miaka mitano, maana atalazimika kupita shahada ya kwanza kwanza.

Hapa pana kasoro ambayo hatuizungumzii vya kutosha. Watoto wanaangukia darasa la tano, na huko ndiko waliko walimu walio mbali zaidi na milango ya uzamili. Maarifa yanaingia juu ya mahali pa jeraha. Ndiyo maana nashauri mwalimu mwenye shahada anayekwenda kusoma uzamili asijifungie na wanafunzi wake wa darasa la nane. Ashuke darasa la tano, aombe ruhusa ya mwenzake, wafanye utafiti pamoja, na jina la mwenzake liandikwe kwenye kazi hiyo.

Safari nayo ina gharama. Bugarama si mbali na Bujumbura kwa ramani, lakini uhaba wa mafuta ambao Burundi imeupitia miaka ya karibuni unaweza kugeuza safari ya saa chache kuwa ya siku nzima, na mvua hubomoa Barabara ya Taifa namba 3 katika maporomoko ya upande wa Gitaza. Kwa mwalimu anayelisha watoto wake kwa mshahara unaopungua thamani, nauli ya kila juma ni uamuzi wa familia. Zipo njia nyingine za kujifunza ambazo nchi jirani zimezijaribu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa 1992, hufundisha kwa masafa na kina vituo mikoani, Kigoma ikiwemo. Taasisi ya elimu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Dar es Salaam, iliyoanza 2006, inafundisha uzamili wa elimu kwa walimu walioko kazini Afrika Mashariki. Wazo lililo nyuma ya njia hizo ndilo ninalotaka vyuo vya Bujumbura viliige: mwalimu asome bila kuliacha darasa, na kazi zake za chuo zifanyike kwa wanafunzi wake mwenyewe.

Kwa sababu kumwondoa mwalimu kijijini miaka miwili kuna hatari ya wazi. Wengi hawarudi. Shahada inafungua ofisi mjini, shirika, au kazi nje ya nchi, na miaka hii walimu wengi wa Burundi wamevuka mipaka kutafuta maisha. Siwalaumu, mtu ana haki ya kutafuta riziki, na mshahara usiotosha hauwezi kuponywa kwa mahubiri. Ninachosema ni kwamba serikali ikitaka mwalimu arudi mlimani, imwekee kitu cha kurudia: nyongeza inayoonekana, saa chache zilizotengwa kwa kazi ya kuwasaidia wenzake, na cheo kisichomtaka aache chaki ili akipate. Leo katika nchi zetu nyingi, njia ya mwalimu bora kupanda ni kuacha kufundisha. Tunawapandisha vyeo mbali na watoto waliowafanya wawe bora.

Utafiti ninaotamani kuusoma

Kama ningekuwa msimamizi wa tasnifu, ningempa mwalimu wa Bugarama kazi hii. Achukue maswali ishirini ya hesabu ya darasa la tano. Ayaandike kwa Kirundi na kwa Kifaransa. Watoto wajibu karatasi zote mbili katika siku tofauti, nusu ya darasa ikianza na Kirundi, nusu nyingine na Kifaransa, ili kuanza kwa lugha fulani kusimpendelee yeyote. Kisha awaulize kwa mdomo maswali kumi kati ya hayo yakiwa yamevaa nguo za sokoni: chupa za mawese, mafungu ya ndagala, noti na chenji. Mtoto anayefaulu kwa Kirundi na kushindwa kwa Kifaransa ana shida ya lugha. Anayefaulu kwa mdomo na kushindwa kwa karatasi zote anahitaji daraja kati ya hesabu ya kichwani na hesabu ya kuandika. Anayeshindwa kote ana pengo la somo lenyewe, na huyo atafutwe kwenye daftari la mahudhurio, likisomwa sambamba na mwezi. Wale waliokulia Tanzania wapewe karatasi ya tatu, ya Kiswahili.

Gharama yake ni karatasi na wino. Matokeo yangempa mkuu wa shule orodha tatu au nne za watoto mahali pa orodha moja ya walioshindwa, na kila orodha ina matibabu yake. Ningeongeza sharti moja kabla ya kutia sahihi: tasnifu iwe na muhtasari wa kurasa tano kwa Kirundi na Kiswahili, usomwe mbele ya walimu wa tarafa, na wazazi waitwe pia, wavuvi wakiwemo, katika majuma ya mwezi mpevu wanapokuwa nyumbani. Mkono mmoja haulei mwana, na mzazi aliyeelezwa kwamba mwanawe ana akili iliyokwama kwenye lugha atamtuma shuleni kwa imani tofauti na yule aliyeambiwa mwanawe ni mzito.

Mwalimu anayesoma safu hii huenda bado hajapata nafasi chuoni, na huenda hataipata mwaka huu. Asisubiri barua ya kukubaliwa ndipo aanze. Siku atakaposhuka Magara na kununua mawese kwa mwanafunzi wake mwenyewe, apokee chenji, kisha amuulize kwa Kirundi, kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli: mwanangu, umehesabuje? Asikilize mpaka mwisho. Akifika nyumbani aandike alichoambiwa, neno kwa neno, na tarehe. Huo ndio ukurasa wa kwanza wa tasnifu yake.